Si Mashetani, Wala Si Mazoezi Tu





Juma hili tunaiweka kando tafakari ya masomo ya Dominika, kwa kuwa limezuka jambo kati yetu ambalo haliwezi kusubiri. Mama mmoja wa parokia yetu, mwenye watoto watatu, alisumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu ya mgongo baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho. Akashauriwa kunyoosha viungo, akajifunza yoga, akapata nafuu. Tangu hapo kila alfajiri, kabla ya kuwaandaa watoto kwenda shule, hutandika mkeka sebuleni. Watoto wakamwiga, kama watoto wafanyavyo. Jirani akauliza, akakaribishwa. Jirani naye akamleta wifi yake. Na sasa familia kadhaa, baba, mama na watoto, hukutana kwake kila Jumamosi jioni. Nyumba imekuwa ndogo, naye ameandika kuomba ukumbi wa parokia.

Barua yake ilikuwa moja. Barua za kumpinga zimefika saba, na nne kati ya hizo hazina sahihi. Wengine wanataka aondolewe katika malezi ya Utoto Mtakatifu. Wengine wanataka anyimwe Komunyo Takatifu. Mmoja ameandika kwamba mama huyu amefungua lango la kuzimu katikati ya mtaa. Na kwa upande wa pili wamo wanaotuambia tuwe watu wa kisasa, tutoe ukumbi na tunyamaze, kwa maana haya ni mazoezi tu, hayana tofauti na kuruka kamba.

Tunasema wazi: pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa uvivu uleule. Huyu amekataa kufikiri kwa sababu ya hofu; yule amekataa kufikiri kwa sababu ya kupenda mambo mapya. Na kati yao wamesimama watoto, ambao mmoja wao ameulizwa na mwenzake shuleni iwapo ni kweli kwamba mama yake ni mganga. Neno hilo mtoto hakulitunga. Alilisikia kwa wakubwa. Ndiyo maana tunaandika.

KWA WANAOSEMA NI MASHETANI

Ndugu zetu, amri ya nane ya Mungu haijafutwa. Kumwita mtu mchawi kwa sababu anainama na kunyooka juu ya mkeka ni ushuhuda wa uongo, na ushuhuda wa uongo haugeuki kuwa utume kwa sababu tu umefungwa ndani ya maneno ya dini. Anayemshtaki mwenzake ana wajibu wa kukijua anachokishtaki. Tuliwauliza wale watatu waliotia sahihi: mmekwenda kuona kinachofanyika? Hakuna aliyekwenda. Waliyoyaandika waliyatoa katika video zilizosambazwa kwenye simu, za wahubiri ambao hata Sakramenti zetu hawazikubali. Tangu lini Mkatoliki akaacha mafundisho ya Mama Kanisa na kujifunza katekesi kwa mtu anayeupinga Ubatizo wa watoto wake?

Mama Kanisa hafundishi hivyo. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate, ambalo linaitaja dini ya Kihindu kwa jina, na kutufundisha kwamba Kanisa halitupi chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini za watu wengine. Tarehe 15 Oktoba 1989, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kwa maaskofu wote kuhusu tafakari ya Kikristo, iitwayo Orationis Formas. Aliyeitia sahihi ni Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa XVI, na hakuna awezaye kusema kwamba huyo alikuwa mlegevu katika kuilinda imani. Barua hiyo inazizungumzia njia za Mashariki, yoga ikiwamo. Haisemi zikataliwe zote kwa sababu tu si za Kikristo. Inasema kinachofaa chaweza kupokelewa, mradi maana ya sala ya Kikristo isifunikwe. Kuna mlango hapo, na mlango una mlinzi. Ninyi mmeujenga ukuta mahali Kanisa lilipoweka mlango.

Tena tukumbuke majirani zetu. Nani kati yetu hajapita mitaa ya Kisutu na Upanga jijini Dar es Salaam, akayaona mahekalu ya Wahindu? Wamekuwa majirani zetu kwa vizazi. Tumetibiwa na madaktari wao, tumenunua katika maduka yao, wengine tumesomeshwa na walimu wao. Kuyaita mashetani mambo wanayoyaheshimu, huku hatujui hata mstari mmoja wa yale wanayoyaamini, ni ukosefu wa adabu kabla ya kuwa kosa la mafundisho.

Kanisa limetufundisha kupima kitendo cha mtu kwa mambo matatu: kitendo chenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira yake. Mtu anayepiga magoti kutafuta shilingi iliyoangukia chini ya kitanda hasali. Wala hamwabudu shetani. Anatafuta shilingi. Mama anayenyoosha mgongo ili aweze kumbeba mtoto wake ananyoosha mgongo. Nafuu aliyoipata si mazingaombwe. Mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuzipima tafiti za tiba zilizofanywa na wengine, waliona kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliofanya yoga walipata unafuu mdogo hadi wa wastani katika shughuli zao, wakilinganishwa na wasiofanya zoezi lolote. Si muujiza, si uchawi. Ni mwili unaotumika jinsi Muumba alivyouumba utumike.

Na kuna jambo jingine ambalo si tamu kulisema. Sisi huingia katika nyumba zenu kuzibariki, na tuna macho. Tunaziona nyuzi nyeusi zilizofungwa viunoni mwa watoto wachanga waliobatizwa kwa mikono yetu. Tunakiona kile kilichochomekwa juu ya mlango, chini kidogo ya picha ya Moyo Mtakatifu. Tunajua pia kwamba mnapougua kwa muda mrefu, wapo wanaosafiri usiku kwenda kupiga ramli na kurudi alfajiri kuwahi Misa ya kwanza. Kwa hayo hatujawahi kupokea barua hata moja. Je, shetani anayetisha ni yule tu anayetoka ng'ambo?

KWA WANAOSEMA NI MAZOEZI TU

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Yoga haikuokotwa njiani. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, nalo lina mzizi mmoja na neno la kufunga nira, kuunganisha. Maandiko maarufu yaitwayo Yoga Sutra, yanayohusishwa na mwalimu Patanjali, yana mafungu karibu 196, na katika hayo ni machache mno yanayozungumzia mkao wa mwili. Mkao ni ngazi moja kati ya nane. Kabla yake yapo maadili na nidhamu ya maisha. Baada yake ipo nidhamu ya pumzi, kuzituliza hisi, kukaza fikira, tafakari, na mwisho hali ya kuzama kabisa inayoitwa samadhi. Lengo la safari hiyo si kiuno chembamba. Ni ukombozi wa nafsi kadiri ya falsafa ya kule, na ukombozi huo sio ule tunaoukiri sisi katika Nasadiki.

Ni kweli pia kwamba yoga inayoonekana leo, yenye mfululizo wa mikao mingi, ilipata sura yake kwa kiasi kikubwa katika karne ya 20. Katika miaka ya 1930, mwalimu Tirumalai Krishnamacharya aliwafundisha vijana katika jumba la kifalme la Mysore, huko India ya kusini. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar alitoa mwaka 1966 kitabu cha Light on Yoga kilichoisambaza mikao hiyo duniani kote. Surya Namaskar, yaani salamu kwa jua, ilienezwa kama zoezi la afya katika miaka ya 1920 na mtawala wa Aundh, magharibi mwa India. Jijini Nairobi, tangu mwaka 2007, shirika la Africa Yoga Project limewaandaa vijana kuwa walimu wa yoga na kujipatia riziki kwayo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, na mwaka 2016 Unesco iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa hiyo anayesema kwamba kila mkao ni ibada ya kale amekosea. Lakini anayesema kwamba hakuna uhusiano wowote na dini amekosea vilevile. Wahindu wenyewe wameyasema hayo: karibu mwaka 2010, Hindu American Foundation huko Marekani ilianzisha kampeni ya kuukumbusha ulimwengu kwamba yoga ina mizizi katika dini yao. Ni nani sisi kuwaambia kwamba kitu chao si chao?

Zaidi ya hayo, Mkatoliki ni mtu wa mwisho anayeweza kusema kwamba mkao wa mwili hauna maana. Sisi tunapiga magoti mbele ya Tabernakulo. Siku ya Ijumaa Kuu padre hulala kifudifudi mbele ya altare tupu. Siku ya upadrisho, mashemasi hulala sakafuni wakati taifa zima la Mungu likiimba Litania ya Watakatifu. Iko hati ya karne ya 13 inayoeleza namna tisa ambazo Mtakatifu Dominiko alisali kwa mwili wake, akiinama, akinyosha mikono, akilala chini. Wanawake wetu hucheza wakati wa vipaji, na vigelegele vyao ni sala. Mtu akituambia kwamba kuinama mbele ya Ekaristi ni zoezi la misuli ya kiuno, tutakasirika, na tutakuwa na haki. Basi tusiseme kwamba salamu kwa jua haisemi neno lolote, hasa pale inapofuatana na maneno ya Kisanskriti ambayo anayeyatamka hajui maana yake.

Iko na hatari nyingine, iliyo laini zaidi. Mtu akikaa kimya, akavuta pumzi polepole, moyo hutulia. Hiyo ni kazi ya mwili, nayo ni njema. Lakini barua ile ya mwaka 1989 inatuonya kwamba ni kosa kubwa kuuchukua utulivu wa namna hiyo na kuuita faraja ya Roho Mtakatifu. Hati ya mwaka 2003 iliyotolewa na Baraza la Kipapa la Utamaduni pamoja na Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Kidini, kuhusu Yesu Kristo mletaji wa maji ya uzima, inaonya dhidi ya imani ya kujitengenezea, inayochota kidogo huku na kidogo kule na kumfanya mtu kuwa mungu wa nafsi yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inafundisha kwamba sala si jitihada ya kuiondolea akili kila kitu mpaka ibaki tupu. Sala ni kukutana na Mmoja aliyetutafuta kabla hatujamtafuta. Papa Fransisko, aliyetutoka mwaka 2025, alisema katika mahubiri yake ya tarehe 9 Januari 2015 kwamba hata mtu akisoma kozi elfu za yoga, au hata elfu za katekisimu, hizo peke yake hazitampa uhuru wa kuwa mwana wa Mungu. Aliyasema hayo kwa yoga na kwa katekisimu pamoja. Sisi wa katekisimu tuliguswa pia.

Kwa sababu hiyo tunakataa shauri moja tulilopewa na watu wenye nia njema, kwamba mama huyu aongeze Salamu Maria juu ya kila mkao, ili vinywa vizibwe. Hapana. Rozari si muziki wa kusindikiza mazoezi. Wapo waliolitafakari jambo hili kwa uzito, kama Jean-Marie Déchanet, mmonaki Mbenediktini wa Ubelgiji, aliyeandika katika miaka ya 1950 juu ya kuitumia yoga katika maisha ya Kikristo. Lakini yule alikuwa mmonaki, aliyeishi ndani ya Masifu na ukimya wa monasteri. Kubandika jina la Mama Bikira Maria juu ya kitu ili kipite getini ni kuwadanganya Wahindu, ni kuwadanganya Wakatoliki, na ni kulitaja bure jina takatifu.

KUFANYA NA KUFUNDISHA NI MAMBO MAWILI

Sasa tunafika kwenye kiini. Mtakatifu Paulo alikutana na kesi kama hii huko Korintho. Nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imetolewa sadaka kwa sanamu. Je, Mkristo aile? Paulo, katika sura ya nane ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anakubaliana na wenye elimu kwamba sanamu si kitu. Lakini anawageukia palepale na kuwauliza kuhusu ndugu aliye dhaifu wa dhamiri, atakayewaona mezani na kujikwaa. Kumbe uhuru wa kula nyumbani mwako ni jambo moja, na kuwaandalia wengine meza ni jambo lingine.

Mama aliye na dhamiri iliyolelewa vizuri aweza kukinyoosha kiungo na kuliacha neno asilolijua. Mtu mzima hupambanua. Mtoto wa miaka sita hapambanui; yeye hupokea vyote kwa mkupuo, mkao, neno, sauti, na moshi wa udi. Kesho utamkuta amekunja miguu, macho yamefumbwa, akirudia silabi asiyojua ni jina la nani. Hatumlaumu yeye. Tunamwuliza aliyemfundisha.

Jambo hili limesumbua hata nchi ambazo serikali zake haziongozwi na dini. Katika jimbo la Alabama, Marekani, yoga ilipigwa marufuku katika shule za umma mwaka 1993. Mwaka 2021 sheria ikairuhusu, lakini kwa masharti: mikao iitwe kwa majina ya Kiingereza, pasiwe na mantra wala kuimbisha, salamu ya namaste isitumike, na mzazi atie sahihi ya kukubali. Huko Encinitas, jimbo la California, wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2013 kuipinga yoga shuleni. Jaji alikiri kwamba asili yake ni ya kidini, lakini akaona kwamba ile iliyofundishwa pale ilikuwa imeondolewa mambo hayo, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu yake mwaka 2015. Hatusemi tuige sheria za Marekani. Tunasema tu kwamba ikiwa serikali isiyo na dini imeona haja ya kumwuliza mzazi kwanza, parokia haiwezi kuwa na uangalifu mdogo zaidi.

Na mzazi ndiye wa kuulizwa kwa sababu mzazi ndiye wa kwanza. Mtaguso, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, unaiita familia Kanisa la nyumbani, na kuwafanya wazazi watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Katekisimu inaitaja familia kuwa mahali pa kwanza pa kufundishwa sala. Mtoto huusoma mgongo wa mama yake kabla ya kuisoma katekisimu. Kile anachokuona ukikifanya alfajiri, kabla ya chai, kabla ya simu, kabla ya kelele za siku, ndicho anachojua kuwa ni cha kwanza kwako. Hutahitaji kumweleza.

Kwa hiyo tulimwuliza mama huyu swali moja tu: watoto wako wanaujua mkeka wako, je, wanaijua rozari yako? Naye, kwa ukweli ambao tunauheshimu, na ambao ametupa ruhusa kuuandika, alijibu kwamba zamani walisali pamoja asubuhi, lakini tangu mazoezi yaanze ile nusu saa imekwenda kwenye mkeka, na sala imebaki kuwa ishara ya msalaba mlangoni. Hilo ndilo kosa pekee tuliloliona katika shauri hili zima. Wala si kosa la yoga. Lingeweza kuwa la kukimbia, la taarifa ya habari, la biashara ya maandazi.

Tuliwauliza swali hilohilo wale watatu waliotia sahihi. Mmoja tu ndiye aliyeweza kukumbuka ni lini familia yake ilisali pamoja mara ya mwisho.

TULIVYOAMUA

Baada ya kusali, na baada ya kuwasikiliza viongozi wa Halmashauri ya Walei na mama mwenyewe, tumeamua hivi.

Kwanza, hakuna atakayenyimwa Komunyo Takatifu kwa sababu ya kunyoosha viungo. Kanuni ya 912 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba mbatizwa yeyote asiyezuiwa na sheria lazima apokelewe. Barua zenu si sheria. Mama huyu anaendelea na Utoto Mtakatifu, ambako anafundisha katekesi, na katekesi tu.

Pili, ukumbi utatolewa Jumamosi kwa miezi sita ya majaribio, kwa mazoezi ya viungo. Mikao itaitwa kwa Kiswahili. Hapatakuwa na mantra, udi, kuimbisha, salamu kwa jua, wala mafundisho ya pumzi kama njia ya roho. Milango itabaki wazi, na mtu yeyote wa parokia aweza kuingia na kutazama.

Tatu, hakuna mtoto atakayeingia bila mzazi wake. Haya yalianza kama mambo ya familia, na yabaki ya familia. Mzazi asiyekuwepo hajui mtoto wake anafundishwa nini, na kutojua huko hakutamwondolea wajibu wake.

Nne, mazoezi na sala havitachanganywa. Mazoezi yakiisha, kanisa liko hatua chache kutoka ukumbini, na Sakramenti Takatifu imo. Anayetaka kusali, avuke ua.

Tano, barua zisizo na sahihi hatutazisoma tena. Anayetaka kumrekebisha ndugu yake amwendee kwanza ana kwa ana, kama Bwana alivyoagiza katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo.

Wako watakaosema tumelegea, na wako watakaosema tumekaza mno. Kila upande utusome tena mpaka mahali palipouhusu.

NA KWA NYUMBA ZETU ZOTE

Tumalize na lile linalotuuma zaidi. Kwa nini familia hizi zilivutwa? Tuliwauliza nao. Hakuna aliyemtaja Patanjali. Baba mmoja alisema kwamba Jumamosi jioni ndiyo saa pekee katika juma ambapo yeye, mke wake na watoto wake wamo chumba kimoja, simu zimezimwa, na hakuna anayemkemea mwenzake. Wapendwa, hawakufuata dini ya Mashariki. Walifuata ukimya, na walifuata kuwa pamoja. Hivyo viwili vilipaswa kupatikana nyumbani mwa kila Mkristo bila kuviendea mtaa wa pili.

Hazina tunayo. Watawa wa Mashariki ya Kikristo wameliita jina la Yesu kwa mwendo wa pumzi kwa karne nyingi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anafundisha namna ya kusali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi. Zaburi ya 131 inailinganisha roho iliyotulia na mtoto kifuani mwa mama yake. Wala mkeka si mgeni kwetu: bibi zetu walitandika mikeka ya ukindu uani, wakakaa na wajukuu wakati wa machweo, na punje za rozari zikapita vidoleni hadi giza likaingia. Hawakujua neno tafakari kama tunavyolitumia leo. Walitafakari.

Kwa hiyo tunawaomba, na kwa mamlaka tuliyopewa juu ya roho zenu tunawaagiza: kuanzia kesho, katika kila nyumba ya parokia hii, kabla ya mkeka, kabla ya redio, kabla ya simu, baba na mama wasimame na watoto wao. Ishara ya Msalaba. Baba Yetu. Kisha dakika tatu za kimya, kila mmoja akimweleza Bwana jambo lake moja. Pasipo na baba, mama aongoze; pasipo na wote wawili, bibi au kaka mkubwa aongoze. Mwenye mgongo unaouma, akisha kusali, anyooshe mgongo wake kwa amani, na amshukuru Mungu kwa kila mfupa unaotii. Mwili huo ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hutunzwa kwa ajili ya Yule akaaye ndani yake.

Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu watajikunja kuelekea kule tunakoelekea sisi, tuwe tumesimama, tumepiga magoti au tumekaa mkekani. Tusiwalaumu kesho kwa mwelekeo tuliowaonyesha leo.

Mwenyezi Mungu azibariki familia zetu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.